Masharti ya Ufadhili: Tujipime Kabla ya Kuwapima Watoto



Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia nizungumze dakika ishirini kuhusu Mfuko wa Elimu tunaotaka kuuanzisha, na akasisitiza nisije na majedwali. Mwaka juzi nilikuja na majedwali manne, na nilipofungua la tatu mzee mmoja wa mstari wa mbele alikuwa anakoroma. Leo nimekuja na barua moja tu. Si yangu. Mwenyewe ameniruhusu niizungumzie, ila nisimtaje jina yeye, wala aliyemwandikia.

Barua hiyo ililetwa nyumbani kwangu Dar es Salaam mwishoni mwa Septemba mwaka jana, Jumatano usiku. Aliyeileta ni jirani yetu wa zamani kule nyumbani, akiwa na binti yake. Walikuja kwa treni mpya ya umeme. Mzee alitumia dakika kumi za kwanza kunisimulia jinsi alivyofika kabla chai aliyoibeba kwenye chupa haijapoa, nikajua ana jambo zito, maana kwetu mwenye jambo jepesi hulisema akiwa bado mlangoni.

Binti alikuwa amemaliza kidato cha sita na kuchaguliwa kusomea shahada ya uuguzi, miaka minne. Taasisi moja inayofadhili masomo ilikuwa imemwandikia kwamba itamlipia kila kitu: ada, malazi, chakula, vitabu, sare za mafunzo ya wodini na nauli ya kwenda nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kwa hesabu yangu ya haraka ilikuwa kama shilingi milioni 14 kwa miaka yote minne. Baba yake analima uwele na ana ekari moja na nusu ya zabibu. Ninyi mnajua zabibu inakuwaje mwaka ambao wanunuzi wanachelewa: unaiangalia inanyauka mtini, na huku mtoto anasubiri ada. Hata angeuza zizi lote asingefika nusu ya fedha hiyo.

Ukurasa wa kwanza wa barua ulikuwa wa pongezi. Masharti yalikuwa ukurasa wa pili na wa tatu, nami nikahesabu 11. Mengine yalikuwa ya kawaida tu, kwamba afaulu kila mwaka, asiibie mtihani, atume matokeo yake kwa wakati. Hayo hata baba yake angemwekea. Lakini matano yalinifanya nivue miwani nikaifuta na kusoma tena. Akimaliza atafanya kazi katika kituo atakachopangiwa na mfadhili kwa miaka sita, kwa mshahara ambao mfadhili atauona unafaa. Hataruhusiwa kubadili kozi kwa sababu yoyote. Hataolewa wala kupata mtoto hadi amalize masomo. Vyeti vyake halisi, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha kidato cha sita, vitakaa kwa mfadhili mpaka miaka sita ya utumishi iishe. Na akivunja sharti lolote, yeye na mzazi wake watarudisha fedha zote mara mbili. Milioni 28.

Jibu lilitakiwa Ijumaa saa kumi jioni. Binti alikuwa pia ameomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lakini majina ya awamu ya kwanza yalikuwa bado hayajatangazwa. Ule ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, wa wanaofaulu sana masomo ya sayansi, alama zake hazikuufikia. Kwa hiyo mkononi kulikuwa na kitu kimoja cha hakika, na siku mbili.

“Mdogo wangu,” mzee akaniambia, “wewe ndiye mwenye macho ya karatasi. Tuambie.”

Nilichukua kalamu, kwa sababu ndicho ninachojua. Nikawaambia: tuchukulie muuguzi mwenye shahada angeweza kupata mahali pengine mshahara wa laki saba, na huyu mfadhili akaona laki tano zinafaa. Tofauti ni laki mbili kwa mwezi. Miaka sita ni miezi 72. Laki mbili mara 72 ni milioni 14 na laki nne. Kumbe fedha anayopewa atairudisha yote na nyongeza juu yake, ila hataiona ikitoka mfukoni, kwa sababu haitaingia mfukoni kwanza.

Halafu nikapiga hesabu ya mkopo wa Bodi. Mimi kazini ndiye ninayeandaa mishahara, na kila mwezi nakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa kila kijana aliyesoma kwa mkopo. Zamani ilikuwa asilimia 8. Sheria ilibadilishwa mwaka 2016, na mwezi ule wa kwanza vijana walinijia ofisini wakidhani nimekosea. Asilimia 15 ya laki saba ni 105,000. Mkopo wa milioni 14 kwa makato hayo unachukua miaka 11 na ushee. Ni mirefu, sikatai. Lakini tangu mwaka 2021 serikali ilipoiondoa ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, deni haliumuki tena kama unga wa maandazi. Na katika miaka hiyo 11 mtu anahama kazi akitaka, anaolewa akitaka, anakwenda Mwanza au Mtwara, na vyeti vyake vimo kwenye sanduku la mama yake. Kazi ikipotea, makato yanasimama kwa sababu mshahara wa kukatwa haupo. Deni linabaki, lakini hakuna anayemdai milioni 28.

Mzee alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo mimi msomi sikuwa nimeliuliza. Akasema, “Na huyu binti akiugua mwaka wa pili, ngozi tunampelekea nani?”

Vijana mliozaliwa mjini mtaniwia radhi, hapa inabidi nieleze. Kwa wazee wetu, mtu mwenye ng'ombe wengi alikuwa akiwagawa. Wawili anawapeleka kwa rafiki yake huku, watatu kwa shemeji yake kule, wachungwe katika mazizi yao. Mvua ikikosekana upande mmoja au ugonjwa ukiingia, si mali yote inayokwisha. Masharti yalijulikana na watoto wote. Maziwa ni ya mchungaji, na samadi ni yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Akichunga vizuri miaka kadhaa, mwenye mali humpa mtamba mmoja awe wake. Na ng'ombe akifa, mchungaji hupeleka ngozi kwa mwenye mali. Ngozi ile ndiyo risiti. Inasema: sikumuuza, sikumla kwa siri, amekufa. Mwenye mali akiipokea, jambo limekwisha, hakuna anayemlipisha mwenzake ng'ombe wawili kwa mmoja aliyekufa kwa ukame.

Mimi nimesoma mikataba mingi ya kazi na ya mikopo, na swali la mzee yule lilikuwa bora kuliko ya wanasheria wengi niliokaa nao mezani. Tuliitafuta ngozi katika kurasa zile tatu, hatukuiona. Hakukuwa na neno kuhusu ugonjwa, kufiwa, chuo kufungwa, wala mfadhili kuishiwa. Nikatafuta pia sharti hata moja linalomfunga mfadhili mwenyewe. Akiacha kulipa mwaka wa tatu itakuwaje? Barua ilisema tu kwamba ufadhili utaendelea “kadiri fedha zitakavyopatikana”. Upande wa binti kulikuwa na masharti 11. Upande wa pili kulikuwa na hewa.

Lipo la sheria, na nitalipitia upesi kwa sababu mimi si wakili. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba hata mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, mahakama hutoa fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Maana yake zile milioni 28 si lazima zote zidaiwe. Ni faraja ya kwenye karatasi. Mkulima wa zabibu hatapanda basi kwenda mahakamani kubishana na wakili wa taasisi. Atauza shamba alipe, na majirani watasema binti yake ndiye aliyemfilisi.

Ndugu zangu, nisije nikaonekana nasema kila sharti ni baya. Nchi hii imejengwa na watu waliosomeshwa kwa masharti. Miaka ya sitini serikali ililipia chuo kikuu, na mwanafunzi aliahidi kuitumikia kwa miaka mitano mahali itakapompanga. Baadhi ya wazee waliotufundisha walifika kwetu kwa njia hiyo, wasingekuja kwa hiari yao kula mlenda wetu. Na mgogoro nao ulikuwepo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, uliotaka wahitimu watumike miaka miwili na sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Walibeba hata bango lililosema afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400, na wengi wao walikuja kuruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Habari hii husimuliwa sana kama habari ya wanafunzi wenye kiburi, na kiburi kilikuwepo. Lakini wanafunzi wale walisema pia kwamba wakubwa wanaowapangia kujinyima wanalipwa vinono. Mwalimu, pamoja na hasira zake, alilisikia hilo, na palepale akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya wakubwa wengine nayo ikapunguzwa. Mimi kama mhasibu nasoma tukio zima katika kile kitendo kimoja. Aliyeandika sharti alijiingiza mwenyewe ndani yake.

Nirudi sebuleni kwangu. Usiku ule nilimshauri binti akatae. Nilikuwa na sababu zaidi ya hesabu, na nitaisema ingawa inaniuma. Nilipokuwa kijana, mwajiri wangu mmoja alinilipia gharama za kusomea CPA, mafunzo na mitihani, kwa sharti kwamba nisiondoke kabla ya miaka mitatu tangu kufaulu. Nilisaini bila kusoma ukurasa wa nyuma. Nani anasoma ukurasa wa nyuma akiwa na miaka 28 na mtu mwingine analipa? Mwaka mmoja baadaye baba yangu akapata kiharusi, nikalazimika kutafuta kazi ya karibu na nyumbani. Mwajiri aliniwekea karatasi mezani: milioni nne na laki tatu, zilipwe kabla sijapewa barua ya kuachishwa kazi. Ugonjwa wa mzazi haukuwemo katika mkataba. Niliuza kiwanja changu cha Kisasa. Hii ilikuwa mwaka 2010, viwanja vya Dodoma vilikuwa havina wenyewe. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba serikali yote inahamia Dodoma. Kiwanja kile sasa kina ghorofa, nami nikipita pale huwa naangalia upande wa pili wa barabara.

(Naona wengine mnacheka. Chekeni tu. Mke wangu hajaanza kucheka.)

Basi nikamwambia binti: kataa, subiri mkopo wa Bodi, ukikosa mwaka huu utaomba mwakani. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, hata hakuniangalia usoni: “Baba mdogo, wewe unahesabu fedha. Mimi nahesabu miaka ya kukaa nyumbani.”

Kaka yake alipata nafasi ya chuo miaka minne kabla, fedha hazikupatikana, wakasema atakwenda mwakani. Mwakani mvua haikunyesha. Sasa ana pikipiki ya mkopo na watoto wawili, na barua ya chuo imo ndani ya Biblia ya mama yao. Binti alikuwa ameshaona jinsi “mwakani” inavyofanya kazi nyumbani kwao. Mimi nilikuwa nashauri nikiwa na mshahara, nimekaa kwenye kochi, nina uwezo wa kusubiri. Yeye hakuwa nao, na sikuwa nimeiweka bei ya kusubiri kwenye hesabu yangu popote.

Tulichofanya kesho yake, Alhamisi, ni kuandika barua ya kuomba marekebisho. Mzee aliogopa sana. Alidhani mfadhili ataona binti ana jeuri na kumnyang'anya nafasi. Tuliomba mambo manne: vyeti halisi vibaki nyumbani na mfadhili apewe nakala zilizothibitishwa na wakili, mshahara utajwe kwa kiwango kinacholingana na cha serikali kwa kazi ile ile, adhabu iwe fedha zilizotumika, zisizidishwe mara mbili, na ugonjwa au kifo viwe sababu ya kusamehewa. Ijumaa saa nane mchana walijibu. Walikubali nakala za vyeti. Walikubali kipengele cha ugonjwa, kwa maneno yao wenyewe, yaliyo finyu kuliko yetu. Adhabu na mshahara walikataa, na la kuolewa hatukuligusa, binti mwenyewe alisema tusipoteze risasi.

Alisaini saa tisa na dakika arobaini.

Majina ya mkopo yalipotoka, lake lilikuwemo, ingawa kiasi hakikufikia gharama zote. Hakuweza kuuchukua kwa sababu alishakuwa na mfadhili wa kumlipia kila kitu. Nilimpigia simu kumjulia hali na sikulitaja, yeye ndiye aliyelitaja. Alisema siku ile alikuwa amevaa sare kwa mara ya kwanza. Yuko mwaka wa pili sasa. Anasoma vizuri. Miaka yake sita ya utumishi bado iko mbele, na sijui nitakuja kuwaambia nini kuihusu nikisimama hapa mwaka 2035, mkiniruhusu.

Sasa, kwa nini nimewasimulia haya kwenye hafla ya kuchangia Mfuko wetu? Kwa sababu wiki tatu zilizopita katibu alinitumia rasimu ya masharti ya Mfuko nipitie upande wa fedha, na nilipofika ukurasa wa pili nikavua miwani tena.

Rasimu inasema mnufaika atarudi kufanya kazi katika kata yetu kwa miaka mitano. Nauliza kwa heshima: kazi ipi? Ajira za walimu na wauguzi wa serikali hazitolewi na Umoja wetu. Mtoto ataomba kupitia Sekretarieti ya Ajira kama wengine, atasubiri, na akipata atapangwa Kigoma au Lindi. Tukimwambia arudi kwetu, tunamwambia aikatae ajira kisha akae kijijini akitulipa deni kwa kutokuwa na kazi. Mfadhili wa yule binti, pamoja na ukali wake wote, angalau ana vituo vya kumpeleka. Sisi hatuna hata zahanati inayoitwa yetu. Napendekeza tuandike kitu kinachowezekana: kila mnufaika, katika likizo ndefu, afundishe wiki nne katika sekondari ya kata yetu, Umoja umlipie nauli na chakula. Akiwa na kazi, achangie Mfuko kadiri atakavyoweza, tukikumbuka kwamba kama ana mkopo mwingine anakatwa asilimia 15, na kwamba kanuni ya kazi ni kuwa theluthi ya mshahara isiguswe.

Rasimu inasema tutafadhili ualimu, afya na kilimo peke yake. Wazee, naelewa mlikotoka, hayo ndiyo tunayoyahitaji. Lakini ingekuwa hivyo enzi zangu nisingekuwa na kazi hii ninayoitumia kuwapigia hesabu za bure. Kura yangu ni kutoa kipaumbele, siyo kufunga mlango. Kamati iliamue hilo, sitalipigania sana.

Nitakalolipigania ni hili. Rasimu inasema msichana akipata mimba au kuolewa atapoteza ufadhili, na mzazi atarudisha fedha zote. Mvulana aliyempa mimba, ambaye huenda naye ni mnufaika wetu, hakutajwa. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, tena shule za msingi na sekondari. Hawa tunaowazungumzia ni watu wazima wa chuo kikuu. Mzazi wa kijijini atarudishaje milioni saba? Tutapeleka mgambo akamate mbuzi? Mzazi mwenye akili akisoma sharti hili atafanya jambo moja tu: atamwombea ufadhili mtoto wa kiume, wa kike abaki. Tutakuwa tumeandika kanuni ya kuwaacha mabinti zetu bila kulitaja neno hilo. Naomba kifungu hiki kifutwe, na mahali pake tuandike kwamba mwanafunzi atakayejifungua ana haki ya kuahirisha mwaka mmoja na kurudi.

Wapo watakaosema: asiyetaka masharti asisaini. Mwenyekiti, watasaini. Wote watasaini. Nimemwona mtoto mwenye akili kuliko mimi anasaini adhabu ya milioni 28 saa tisa na dakika arobaini mchana, baba yake akiwa ameshika chupa ya chai. Tukiandika kwamba mnufaika atalima shamba la mwenyekiti watasaini pia. Saini yao haituambii chochote kuhusu uzuri wa karatasi yetu.

Na mwisho kwenye rasimu nilitafuta lile nililolitafuta kwenye barua ya yule mfadhili: sharti linalotufunga sisi. Halimo. Tumeandika “kadiri fedha zitakavyopatikana”, maneno yale yale, nadhani karani mmoja aliyatunga zamani na sote tunanakili kwake.

Hapa naomba radhi kwa Mwenyekiti, nitataja tarakimu chache. Mwaka jana katika hafla kama hii tuliahidi shilingi milioni 41. Hadi juzi zilizoingia benki ni milioni 17 na laki sita. Yaani katika kila shilingi 100 tuliyoahidi kwa makofi, tumelipa 43. Ahadi si fedha. Siwezi kuiandikia hundi. Rasimu inasema tuanze na wanafunzi kumi. Kwa makadirio ya kamati, mwanafunzi mmoja wa shahada ya miaka mitatu anahitaji milioni tatu na nusu kwa mwaka, jumla milioni kumi na nusu. Wanafunzi kumi ni milioni 105. Kwa mwendo wetu wa kulipa, mwaka wa pili tutakuwa na vijana kumi mlangoni kwa mhasibu wa chuo, hawana ada na hawaruhusiwi kufanya mtihani, na barua yetu yenye muhuri mfukoni. Wengine watakuwa wameacha mkopo wa Bodi kwa ajili yetu.

Napendekeza tusimchukue mwanafunzi yeyote mpaka fedha zake za miaka yote mitatu ziwe zimelala kwenye akaunti yake maalumu. Siyo ahadi, fedha. Kwa milioni 17 na laki sita tulizonazo, leo tuna uwezo wa kumsomesha mmoja tangu anaanza mpaka anavaa joho, na zinabaki milioni saba na laki moja. Wa pili anapungukiwa milioni tatu na laki nne. Najua mmoja au wawili si habari ya kutangaza redioni. Kamati ya uenezi itanichukia. Lakini huyo mmoja hatutamwacha njiani.

Fomu za maoni kuhusu rasimu ziko kwa katibu, pale karibu na mlango, na zinapokelewa hadi mwisho wa mwezi. Daftari la ahadi za mwaka jana ninalo mimi hapa. Sitasoma majina, msiogope. Nitasoma la kwangu tu: niliahidi laki tano, nimelipa laki tatu. Laki mbili zilizobaki nimekuja nazo, Mwenyekiti, hizi hapa. Kwa hiyo wa pili sasa anapungukiwa milioni tatu na laki mbili.